Kasuku hana kiburi, anaogopa mkono wako

Najua nimepotea, likizo ndefu yote nilikuwa nyumbani Tukuyu nikipigwa na baridi ya mwezi wa saba, na kule ukishakaa karibu na jiko kuandika hakupo. Leo sitaongelea bumu wala matokeo. Nataka tubishane kuhusu kasuku.

Nimeshawasimulia watu kadhaa hapa hosteli habari za kasuku wa mama mdogo, na karibu wote wamenipa dawa ile ile. Mfunge taulo, mshike kwa nguvu, atapiga kelele siku mbili tatu, ya nne ameshazoea. Mshkaji mmoja wa mwaka wa tatu akaongeza kwa sauti ya mtaalamu: mkate mbawa kwanza, akishajua hana pa kwenda atakuwa mpole. Jamani, mimi napinga. Yaani napinga kabisa, na nitaeleza kwa nini, maana naona wengi mnachanganya kiumbe aliyezoea na kiumbe aliyekata tamaa. Kwa nje wanafanana, wote wametulia.

Kwanza mumjue mhusika. Ni kasuku mdogo, mgongo wa kahawia iliyochoka, tumbo la kijani linaloelekea bluu, na njano mabegani kama askari aliyepandishwa cheo jana. Vitabu vya ndege vinamwita kasuku wa Meyer. Siyo yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu mnayemwona kwenye video akitukana watu. Yule ni wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, na tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Huyu wetu ni mwenyeji, miombo ya nchi hii ndiyo kwao. Na haongei. Wageni wakija swali la kwanza ni "anasema nini?", wakiambiwa hasemi kitu wanamwangalia kama redio mbovu.

Aliachwa na mwalimu mstaafu, jirani, aliyehamia kwa watoto wake Dar. (Kabla wale wa sheria hamjaanza: ndiyo, kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na ndiyo, karatasi za huyu zipo, mwalimu alikuwa mtu wa mafaili.) Mama mdogo alimpokea kwa sababu hajui kukataa kitu. Tukamwita Bwana Shamba, kwa jinsi anavyotembea juu ya kijiti chake akiinamisha kichwa kukagua kila kitu kama aliyetumwa na wilaya.

Sasa huyo Bwana Shamba alikuwa hataki mkono. Mtu anaweza kukaa mbele ya kizimba akiongea, hana neno. Ingiza mkono kubadilisha maji, balaa. Anajibana pembeni, anapiga ukelele wa kukwaruza masikio, anajirusha kwenye nyaya mpaka manyoya yanadondoka. Wiki ya kwanza alimuuma binamu yangu wa darasa la pili kidole, damu ikatoka, mtoto akalia mtaa mzima ukajua. Baba mdogo akatoa tamko wakati wa chakula cha jioni, tena kwa upole, na mnaomjua mtu wa aina hiyo mnajua upole wake ndiyo hatari: "Akimuuma mtu tena, anaondoka. Kuna mwenye baa Mbeya anamtaka."

Kwa hiyo haikuwa suala la kufundisha ndege michezo. Ndege wa aina hii akitunzwa anaishi zaidi ya miaka 20. Miaka 20 juu ya kaunta ya baa, spika pembeni, moshi wa sigara, na kila mlevi anaingiza kidole kwenye nyaya.

Turudi kwenye mkono. Hebu uangalie kwa macho ya ndege. Kasuku ni kitoweo cha mwewe, na mwewe anatokea juu, ghafla, kucha mbele. Mkono wa mtu unaoingia kwa mlango wa juu, vidole vimetanuliwa, una tofauti gani na hiyo? Hapo hujaweka historia. Miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza nje ndege wa porini kwa wingi sana, na wale kasuku wadogo wa Fischer wenye mdomo mwekundu, wa upande wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria, walisombwa kwa maelfu. Ulaya ilifunga mlango wa ndege wa porini moja kwa moja mwaka 2007, na hapa kwetu mwaka 2016 serikali ikasimamisha kusafirisha wanyama hai nje ya nchi. Kasuku ananaswa kwa nyavu, au kwa ulimbo uliopakwa kwenye tawi. Na akishanasa, kinachokuja kumbandua pale, na manyoya yake mengine yakibaki kwenye gundi, ni mkono. Kinachomsokomeza kwenye boksi ni mkono. Halafu wewe unakuja na wako unasema mbona ana kiburi.

Mwalimu alimnunua akiwa tayari mkubwa. Na nilichokigundua siku ya nne hivi ni kwamba mama mdogo akikung'uta kitenge ili akunje, hata akiwa upande wa pili wa sebule, Bwana Shamba anapiga ukelele ule ule wa mkono. Nguo na mkono, vyote viwili. Kwa akili yangu, huyu aliwahi kufunikwa nguo akakamatwa. Sasa niambie, wewe wa taulo, dawa yako ni ipi tena?

Tulichofanya sisi hakina ufundi wowote, kina uvivu mwingi. Kizimba tulikitoa sakafuni tukakiweka juu ya meza, usawa wa kifua, mgongo wake ukutani ili asilindwe na macho pande zote nne. Mbali na jikoni, maana mapafu ya ndege hayavumilii moshi wa mkaa, na yale masufuria yasiyoshika chakula yakiungua hutoa hewa inayoua ndege upesi kuliko unavyoweza kufungua dirisha. Halafu nikaanza kukaa pale na madesa yangu, nasoma kwa sauti, mikono magotini. Siku za mwanzo alikuwa hali mpaka nitoke. Nilikuwa natoka. Baadaye akawa anakula nikiwa mlangoni, halafu nikiwa kwenye kochi la mbali. Ile mikono yangu iliyokaa tu, bila kufanya kitu, ilikuwa ndiyo somo lenyewe, kwa sababu nadhani hakuwahi kuona mikono isiyotaka kitu kwake.

Kila nikipita karibu nadondosha punje moja ya alizeti kwenye kikopo chake, naendelea na safari. Sisimami kuangalia kama ameila. Hii ngumu kuliko mnavyofikiri, mtu unataka shukrani.

Kisha kijiko. Mama mdogo ana vile vijiko vya mbao vya mpini mrefu, tukawa tunaweka mahindi mabichi yaliyochemshwa kwenye ncha, tunapitisha kwenye nyaya. Kijiko hakikumkera, akala. Kila baada ya siku kadhaa tunashika mpini mbele kidogo, upana wa kidole kimoja. Akisita, tunarudi nyuma vidole viwili na hatubishani. Ilichukua wiki tano mpini kuisha. Tano, jamani. Wewe ungekuwa umeshamaliza taulo zote za hosteli.

Na hapa ndipo nilipojifunza kusoma kasuku, kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Hakuna kasuku anayeuma ghafla. Anabana manyoya mwilini mpaka anaonekana mwembamba. Anaegemea upande wa pili. Mboni za macho zinakaza na kulegea, zinakaza na kulegea. Anainua mguu mmoja kama anayetaka kukuzuia. Zote hizo ni "tafadhali toa", na yule anayeumwa ni mtu aliyeombwa kwa lugha zote akajifanya hasikii. Halafu kuna mdomo usiouma: kasuku anatumia mdomo kama mguu wa tatu, kabla ya kukanyaga tawi analigusa kwanza aone kama limekaza. Akifanya hivyo kwenye kidole chako ukakitoa kwa hofu, umemwambia tawi hili ni bovu. Binamu yangu alilielewa hili haraka kuliko watu wazima wote wa nyumba ile.

Wakati tunahangaika na kijiko, mlima uko pale dirishani. Mlima Rungwe, zaidi ya mita 2,900, ukitoka mawinguni unauona wote. Na kule juu kuna kiumbe mwingine anayeogopa mkono. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua kipunji siku zote, wana jina lake, wanajua anakaa wapi. Wanasayansi walisikia habari zake kwao, wakamwona mwaka 2003, wakamtangaza kwa dunia mwaka 2005. Kima mkubwa wa kahawia mwenye kishungi cha nywele kichwani na mlio wa ajabu. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jina la kwetu kabisa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria wako 1,117 tu, kwenye misitu ya Rungwe, Livingstone na Kitulo, na wachache kule Ndundulu, Udzungwa.

Mnyama mkubwa hivyo alifichamaje kwa wasomi mpaka karne hii? Alikuwa anawindwa, akisikia mtu anapotea juu kwenye matawi. Waliotaka kumjua walilazimika kufuata makundi yake msituni siku baada ya siku, kwenye miteremko ile na matope yale mnayoyajua, mpaka kima wenyewe waone hawa watu hawana bunduki wala mbwa. Hakuna taulo kule. Kipunji asipokutaka anaondoka, na wewe kesho unarudi.

Jane Goodall yalimkuta hayo hayo Gombe, Kigoma. Alifika Julai 1960 na kwa miezi sokwe walimkimbia. Wa kwanza kumvumilia alikuwa dume mwenye ndevu za mvi aliyempa jina David Greybeard, na huyo ndiye aliyekuja baadaye kuchukua ndizi mkononi mwake. Yule sokwe angeweza kuondoka. Msitu wote ulikuwa nyuma yake. Ndiyo maana ile ndizi ina uzito mpaka leo, mama wa watu alipofariki Oktoba 2025 bado watu walikuwa wanaisimulia.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, wewe wa kukata mbawa. Ukishamwondolea ndege uwezo wa kukukataa, huwezi tena kujua kama amekukubali. Amekaa mkononi kwako, sawa, na abiria aliyebanwa katikati ya Koasta ya Mbeya naye amekaa.

Ila msinielewe vibaya, sisemi kila mnyama azoezwe mikono. Hata Gombe zile ndizi zilileta ugomvi mkubwa kambini, sokwe wakawa wanapigana, ikabidi ugawaji upunguzwe na hatimaye uachwe, na siku hizi mgeni anatakiwa kukaa mbali nao kwa sababu ya magonjwa yetu. Na kipunji yule ambaye mwili wake uliwasaidia wanasayansi kupima vinasaba alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, shambani, mwaka 2005. Kipunji anayewaamini watu wote hana maisha marefu. Woga wake ni mali yake, tumwachie. Bwana Shamba ni tofauti, ameshatolewa kwao, ameshaishi na watu miaka, porini hatajua aanzie wapi. Huyo atakutana na mikono kila siku mpaka afe, kwa hiyo ni juu ya mikono kujirekebisha.

Na kabla hujaenda kununua kasuku kwa sababu ya haya niliyoandika: usiende. Ukinunua mmoja, kesho mwenye ulimbo anarudi porini na oda. Mpokee aliyekosa mtu, basi.

Kitu kimoja cha Tukuyu ambacho ni lazima nikiseme, maana nusu ya mnaosoma mna miti uani. Parachichi. Kwetu parachichi ni kama mchanga, linaoza chini ya mti, na kila mtoto aliyekuja kumwona Bwana Shamba alikuja na kipande mkononi akitaka kuwa rafiki. Parachichi ni sumu kwa kasuku. Linashambulia moyo, na linaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili. Jirani mmoja alitubishia sana, kwamba ndege gani asiyekula tunda. Mama mdogo akaandika karatasi akaibandika kizimbani: HALI PARACHICHI. Ndizi mbivu anapewa kidogo, karanga chache, mahindi mabichi ndiyo ugonjwa wake. Pilipili anatafuna kama peremende, ndege hawausikii ule mwasho. Binamu yangu huwaonyesha wenzake kwa kiingilio, sijui anachaji nini.

Mkono wenyewe? Alipanda wiki ya saba, siyo kwangu. Kwa mama mdogo, mimi nimesimama na ndoo. Alikuwa ameacha mlango wa kizimba wazi kama tulivyozoea jioni, ameweka mkono juu ya meza, anasikiliza taarifa ya habari, hana hata habari naye. Bwana Shamba akatoka, akaja kwa mguu mezani, akagusa kidole chake kwa mdomo mara mbili, akakanyaga. Mama mdogo hakugeuka. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "ndaga fijo," na sikujua anamshukuru nani.

Kwangu mpaka nilipoondoka alikuwa anachukua punje kiganjani na kurudi nyuma. Ni haki yake. Mtoto bado analisha kwa kijiko, na amekatazwa kukifupisha bila ruhusa. Hajauma mtu tena. Kitenge bado kinamtisha, kwa hiyo nguo zinakunjwa chumbani siku hizi.

Baba mdogo hajasema lolote kuhusu yule wa Mbeya. Lakini jana mama mdogo amenipigia, anasema mzee ametengeneza kijiti kipya kwa tawi la mpera, amekipiga msasa mwenyewe, akakiacha juu ya meza bila kusema ni cha nani.

Haya, kesho saa mbili nina test na sijagusa kitu. Wewe wa taulo tuonane kantini, chai juu yako.